Kopo la Chumvi: Shajara ya Wiki Kumi na Mbili Jikoni

Kabla ya kuanza

Nilipimwa shinikizo la damu mara tatu katika siku tatu tofauti, na mara zote tatu namba ya juu ilivuka 140. Daktari hakuniandikia dawa. Alinipa miezi mitatu ya kubadili mwenendo, akaanza na chumvi, nami nikamjibu kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachokisema kwamba kwetu hatuli chumvi nyingi. Akaniuliza, "Gramu ngapi kwa siku?" Nikabaki kimya. Mimi ndiye mpishi wa nyumba yetu kwa mwaka wa sita sasa. Ninajua bila kutazama saa kwamba wali unakaribia kukauka maji, na ninajua kwa harufu tu kwamba kitunguu kimeanza kuungua, lakini kitu ninachokitia katika kila sufuria, kila siku, sikuwahi kujua ninakitia kwa kiasi gani.

Mradi huu umetokana na kimya kile. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi chenye takriban gramu 2 za sodiamu, kwa kuwa sodiamu ni kama asilimia 40 ya uzito wa chumvi. Makadirio ya shirika hilo hilo yanaonyesha kwamba wastani wa dunia ni zaidi ya maradufu ya kiwango hicho, karibu gramu 10.8. Gramu 5 ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, si kile chenye kilima juu.

Njia niliyoichagua ni rahisi. Chumvi yote ya nyumbani itatoka katika kopo moja. Kila Jumapili usiku, vyombo vikishaoshwa, nitaliweka kopo hilo juu ya mizani ya jikoni, nitatoa uzito wa leo katika uzito wa Jumapili iliyopita, kisha nitagawanya kilichotumika kwa siku saba na kwa watu wanne: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na binti yetu wa miaka tisa. Ninazijua kasoro za kipimo hiki. Maji ya kuchemshia yanayomwagwa huondoka na chumvi yake, mchuzi mwingine hubaki sahanini, na mtoto hali sawa na mtu mzima. Hata hivyo kasoro hizo zitakuwa zile zile kila wiki, kwa hiyo hata kama namba yenyewe itakuwa na walakini, nitaweza kuona kama inapanda au inashuka.

Wiki ya kwanza

Wiki hii sikubadilisha kitu. Nilipika kama kawaida, nikatia chumvi kwa mkono kama nilivyozoea, na Jumapili mizani ikasema kwamba gramu 238 zimeondoka koponi. Ni gramu 8.5 kwa kila mtu kwa siku. Nilidhani nimekosea, nikapima tena, ikatoka ile ile.

Halafu nikakumbuka vidonge vya supu. Tunavitumia viwili kwa siku, na kila kimoja kina uzito wa gramu 10. Nilikigeuza kifungashio nikasoma orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi, na chumvi ndiyo iliyotajwa mwanzo, mbele ya mafuta, mbele ya unga na mbele kabisa ya nyama iliyochorwa pale nje. Kwa maelezo ya kifungashio hicho, karibu nusu ya kidonge ni chumvi. Vidonge 14 kwa wiki ni gramu 70 za chumvi, yaani gramu 2.5 zaidi kwa kila mtu kwa siku. Mkate nao una gramu 1.1 katika kila gramu 100, na vipande viwili vya asubuhi vinaleta karibu gramu 0.8. Nikijumlisha yote ninapata gramu 11.8. Nyumba isiyokula chumvi nyingi ilikuwa imeupita hata wastani wa dunia.

Jambo jingine nililolifanya wiki hii lilikuwa kuujaribu mkono wangu. Nilichota chumvi mara kumi kwa vidole vyote vitano, kila mara nikikusudia kiasi kile kile ninachokitia katika sufuria ya mboga, nikaipima kila moja. Ndogo kabisa ilikuwa gramu 4 na kubwa kabisa gramu 9, na hiyo ya gramu 9 niliichota huku nikimjibu mtu mlangoni. Mama alikuwa ameketi akichambua mchele, akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Baba mzima unapima chumvi kama sonara! Mwanangu, chumvi hupimwa kwa ulimi." Sikubishana naye, kwa sababu wakati ule nami niliamini hivyo.

Wiki ya pili

Nimeachana na mkono. Ninachota kwa kijiko kidogo na kukisawazisha, na nimepunguza kama sehemu moja kati ya nane. Nimegundua pia kwamba kijiko nacho kina hila zake, kwani chumvi ya punje kubwa huacha nafasi katikati ya punje, hivyo kijiko kile kile hubeba uzito mdogo kuliko kikijazwa chumvi laini. Nimeamua kubaki na laini yenye madini joto, kwanza ili hesabu isiyumbe, pili kwa sababu sitaki kuilinda mishipa ya damu huku nikiikosesha familia iodini.

Kopo limepungua gramu 210, na hakuna hata mmoja mezani aliyesema neno.

Wiki ya tatu

Nilishindwa vibaya wiki hii, na kosa ni langu. Kimya cha wiki iliyopita kilinipa kiburi, nikaviondoa vidonge vya supu vyote kwa siku moja bila kuweka chochote mahali pake. Jumatatu nilipika maharage, yakawa chapwa. Jumanne mboga za majani zikawa chapwa pia. Jumatano binti yangu alionja mchuzi wa samaki, akaweka kijiko chini kwa adabu na kusema, "Baba, mchuzi umelala." Mke wangu alicheka hadi akashika ubavu, lakini baada ya kicheko alinyoosha mkono akalichukua kopo, na tangu usiku ule kopo likahamia mezani. Kila mmoja alikuwa akijinyunyizia. Jumapili mizani ilionyesha gramu 231. Nilikuwa nimeondoa gramu 70 zilizojificha katika vidonge, nikasababisha 21 zirudi kupitia kopo, na zaidi ya hapo nimeipoteza imani ya walaji wangu, ambayo haipimiki kwa mizani yoyote.

Ninachojifunza ni kwamba kidonge kile kilikuwa kikinifanyia kazi niliyoacha kuifanya mwenyewe. Kilikuwa kikisimama badala ya kitunguu nilichokikaanga kwa haraka, badala ya nyanya nisizozingoja ziive, na badala ya mifupa nisiyokuwa na muda wa kuichemsha. Kukiondoa bila kurudisha kazi hiyo ni sawa na kuondoa nguzo na kutegemea paa lisimame kwa mazoea.

Wiki ya nne

Nimerudi nyuma kidogo. Vidonge vimerudi, lakini kimoja kwa siku, na jitihada yangu yote ya wiki nimeiweka katika kuunga chakula upya.

Niandike kwa ukamilifu jinsi nilivyoyaunga maharage ya Alhamisi, maana ndiyo yaliyonirudishia heshima. Nilikata vitunguu vitatu vyembamba, nikavitia katika mafuta kidogo kwa moto mdogo, nikavikoroga kila baada ya dakika mbili au tatu. Dakika kumi za mwanzo havikuonyesha chochote zaidi ya kulainika na kutoa maji. Kisha maji yakaisha, sauti ya sufuria ikabadilika kutoka kuchemka hadi kutatarika, na kingo za vitunguu zikaanza kushika rangi. Kilichokuwa kikishika chini ya sufuria nilikikwangua kwa mwiko na maji kijiko kimoja, nikaacha kishike tena, nikakwangua tena. Kwenye dakika ya 25 vitunguu vilikuwa vya rangi ya kahawia, vimesinyaa hadi robo ya ujazo wake, na jikoni palinukia kama kuna nyama. Hapo ndipo nilipotia kitunguu saumu, kisha nyanya zilizoiva sana, nikazipika hadi mafuta yakajitenga pembeni. Ndipo maharage yakaingia.

Nyanya zilizoiva hadi kukaribia kulegea ndizo zinazofaa zaidi, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliichambua supu ya mwani akaona kwamba ile ladha nzito isiyo ya chumvi, isiyo tamu, isiyo chachu wala chungu, inatokana na glutameti, akaiita umami. Glutameti hiyo imo katika nyanya, nayo huongezeka kadiri zinavyoiva; imo pia katika uyoga na katika jibini iliyokaa muda mrefu. Ulimi ukishaipata, hauitafuti chumvi kwa pupa ile ile.

Mama alimaliza sahani yake akaomba nyongeza. Kopo: gramu 203.

Wiki ya tano

Wiki ya maharage, kwa sababu nililelewa katika imani kwamba chumvi ikitiwa mapema huyafanya maharage yagome kuiva, nami nilitaka kujua kama ni kweli. Niligawa maharage ya gunia moja katika mafungu mawili. La kwanza nilililoweka usiku kucha katika maji matupu, na la pili katika maji yenye gramu 15 za chumvi kwa lita. Asubuhi niliyamwaga maji yote, nikasuuza, nikapika mafungu yote mawili kwa maji mapya. Fungu la maji ya chumvi ndilo lililotangulia kulainika, na maganda yake hayakupasuka. Maelezo ya kikemia ni kwamba ganda la haragwe limeshikamanishwa kwa kalisi na magnesi, na sodiamu inapochukua nafasi ya madini hayo, ganda hulegea. Kinachogomesha maharage kwa kweli ni maji magumu yenye kalisi nyingi, uzee wa maharage yenyewe na vitu vichachu vinavyoingia mapema. Siku nilizokuwa nikiilaumu chumvi, mkosaji alikuwa nyanya niliyoitia kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo nina njia mbili: kuloweka kwa chumvi na kukubali kwamba kiasi fulani kitaingia ndani ya haragwe, au kuloweka kwa maji matupu na kupika kwa muda mrefu zaidi. Nimeichagua ya pili. Kuna ya tatu ambayo wengi tunaitumia bila kufikiri, nayo ni magadi soda. Robo ya uzito wake na zaidi ni sodiamu, kwa hiyo gramu 5 zilizotiwa katika sufuria na kubaki humo zinaleta sodiamu sawa na ile ya karibu gramu 3.5 za chumvi, ilhali ulimi haukupi taarifa ya kutosha kwa sababu magadi hayana ladha kali ya chumvi. Nimekiondoa kikopo chake karibu na jiko na kukiweka pamoja na vifaa vya kuokea.

Kopo: gramu 182.

Wiki ya sita

Jumamosi tulikuwa na wageni saba. Nilitia chumvi katika sufuria kubwa ya nyama, nikatoka kwenda kupokea watu, na nyuma yangu Mama, ambaye alikuwa ameonja akaona imepungua, akatia yake. Niliporudi nikaonja, nikatamani ardhi ipasuke. Mgeni mmoja, shangazi wa mke wangu, alinishauri kwa uhakika mkubwa nitumbukize viazi viwili vibichi vivute chumvi. Nilivitumbukiza, kwa kuwa mtu anayezama hachagui jani la kushika. Baada ya nusu saa viazi vilikuwa na chumvi na mchuzi ulikuwa na chumvi vile vile. Ndivyo inavyopaswa kuwa: kiazi hufyonza maji pamoja na chumvi iliyomo ndani yake, hakichagui chumvi na kuyaacha maji, kwa hiyo ukali wa kilichobaki haubadiliki. Tiba yenye kufanya kazi ni kuongeza kisicho na chumvi. Nilipunguza mchuzi nusu, nikaongeza maji na maharage yaliyokuwa yamechemshwa bila chumvi, nikakamulia limau. Wageni walikula. Mchuzi uliotolewa niliugandisha katika vipande vidogo, na katika wiki zilizofuata vipande hivyo vilitumika mahali pa vidonge vya supu, jambo ambalo sikulipanga lakini ninalidai kama ushindi.

Kutokana na mkasa huo tumewekeana sharti jikoni: chumvi hutiwa na mtu mmoja, tena mwishoni. Sharti la pili lina faida ambayo nilikuwa siioni. Mchuzi wa lita 2 ukiwekwa chumvi ya kutosha mwanzoni, kisha ukachemka hadi ukabaki lita 1.2, maji yameondoka na chumvi imebaki yote, na kilichokuwa kimekolea sasa kimezidi. Zaidi ya hayo, nilikuwa na tabia ya kuonja mwiko uliotoka motoni, ulimi unaungua, kisha ninaongeza chumvi kwa sababu sikuisikia. Sasa ninapakua kijiko kimoja katika kisahani, ninakiacha kipoe, ndipo ninaonja.

Kopo halina maana wiki hii. Sikuliandika.

Wiki ya saba

Gramu 168. Sina la kuongeza, isipokuwa kwamba sasa kopo limerudi kabatini kutoka mezani na hakuna aliyeliulizia.

Wiki ya nane

Kila chakula kinakubali kupunguziwa isipokuwa mboga za majani zile chungu. Katika maharage nimefika nusu ya chumvi ya zamani na hakuna anayelalamika, lakini katika mboga chungu nikipunguza hata robo kijiko sahani zinarudi zikiwa na mboga. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha kwamba sodiamu huuzima uchungu mdomoni, na kwa kuuzima uchungu huachia ladha nyingine zijitokeze. Chumvi ninayoitia katika mboga hizo, basi, haikuwa kwa ajili ya ladha ya chumvi. Ilikuwa kizibo cha uchungu. Nikibadili kizibo nitaweza kuipunguza. Nilijaribu njia tatu kwa siku tatu. Kuzichovya mboga kwa dakika moja katika maji yanayotokota kisha kuyamwaga maji kulipunguza uchungu kiasi cha kuridhisha, ingawa najua kwamba baadhi ya vitamini huondoka na maji hayo. Kutia vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu kulisaidia zaidi. Limau peke yake halikufaa kitu, kwani lilitupa uchungu na uchachu pamoja. Nimebaki na vitunguu, na chumvi kidogo inayonyunyiziwa juu baada ya kuepua, kwa kuwa chumvi iliyo juu ya jani hukutana na ulimi moja kwa moja, tofauti na ile iliyoyeyukia ndani.

Sitaki kuandika kama kwamba kazi hii ni ya kunyima tu. Meza yetu ina mboga na matunda mengi kuliko miezi miwili iliyopita, na hilo lina uzito wake lenyewe. Utafiti wa DASH wa Marekani, unaohusu mlo wa kushusha shinikizo la damu, ambao sehemu yake ya sodiamu ilichapishwa mwaka 2001 kwa watu 412, ulionyesha kwamba shinikizo la damu lilishuka zaidi kwa wale waliounganisha mambo mawili: chumvi kidogo, na mlo wenye mboga, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Ndiyo maana ninaandika mboga katika shajara ya chumvi.

Kopo: gramu 154, yaani gramu 5.5 kwa mtu kwa siku.

Wiki ya tisa

Jumanne nilikuwa nikibadili mashuka chumbani kwa Mama, na chini ya mto nikakuta kichupa cha dawa kisicho na dawa. Kilikuwa na chumvi.

Nilikaa kitandani nikikitazama. Nilikumbuka kwamba tangu wiki ya nne Mama amekuwa akiinuka mezani akiwa na sahani yake, akisema anataka kula akiwa karibu na dirisha. Nilidhani ni joto. Aliporudi kutoka uani aliniona na kichupa mkononi, hakuona haya hata kidogo. "Mwanangu," alisema, "chakula chako ni kizuri, nami nakushukuru. Lakini mimi nina miaka 74 na ulimi wangu una miaka 74. Unataka uanze shule leo?"

Nilimwomba radhi, kwa kuwa nilianzisha mradi unaohusu sahani yake bila kumwuliza. Tulizungumza kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba kadiri umri unavyosonga, uwezo wa kuonja na kunusa huelekea kufifia, kwa hiyo chakula ambacho kwangu kimekolea kwake kinaweza kuwa chapwa kweli; hakuwa akideka. Ukweli mwingine ni kwamba yeye ndiye mwenye dawa za shinikizo la damu hapa nyumbani. Tulikubaliana kwamba kichupa kitabaki kuwa chake, lakini kitahamia mezani na kitapimwa Jumapili pamoja na kopo. Ameongeza sharti lake: nisimwangalie anapokitumia.

Hesabu zangu zote za tangu wiki ya nne, basi, zina upungufu nisioujua ukubwa wake.

Wiki ya kumi

Nilifikiria kununua ile chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu. Ushahidi wake ni mzito: katika utafiti uliofanyika vijijini China na kuchapishwa mwaka 2021, watu 20,995 katika vijiji 600 walifuatiliwa, na waliotumia chumvi yenye asilimia 75 ya kloridi ya sodiamu na asilimia 25 ya kloridi ya potasiamu walipata kiharusi kwa kiwango cha chini kwa asilimia 14 kuliko waliobaki na chumvi ya kawaida. Kabla ya kuinunua nilimwuliza daktari wa Mama, naye akaikataa kwa ajili yake, kwa sababu mojawapo ya dawa anazotumia huzuia mwili kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi damuni inaweza kuuvuruga moyo. Mwenye figo dhaifu naye hatakiwi kuigusa bila ushauri. Kwa kuwa tunapika sufuria moja, mjadala ukaishia hapo.

Kopo: gramu 126. Kichupa: gramu 24, ambazo zote ni za mtu mmoja.

Wiki ya kumi na moja

Ijumaa tulialikwa kwenye harusi. Nilikuwa nimeusubiri wali wa harusi kama mtu aliyetoka kifungoni, na tonge la kwanza likanishangaza, kwa sababu sikusikia kitu kingine isipokuwa chumvi. Nilimgeukia mke wangu nikamkuta amekwisha kunigeukia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mume wangu, hivi ndivyo tulivyokuwa tukila?" Ndivyo hasa. Mpishi hakukosea, meza nzima ilikuwa ikisifia.

Nilikuwa nimesoma kwamba ingetokea. Mwaka 1982 Mary Bertino, Gary Beauchamp na Karl Engelman walichapisha utafiti wa watu waliopunguza sodiamu kwa miezi mitano, na kiwango cha chumvi walichokipenda katika supu na biskuti kilishuka taratibu kadiri majuma yalivyopita. Kusoma ni jambo moja. Kuukuta ulimi wako mwenyewe umehama bila kukuaga ni jambo jingine. Ule usemi wa haba na haba tumezoea kuutumia kwa kujaza kibaba. Mimi nimeutumia kukipunguza, na umefanya kazi vile vile, ilhali wiki ya tatu, nilipotaka kukimwaga kibaba chote kwa mkupuo, nililipa kwa gramu 21.

Kopo: gramu 119. Kichupa: gramu 17.

Wiki ya kumi na mbili

Kopo limetoa gramu 112, sawa na gramu 4 kwa kila mtu kwa siku. Vidonge vya supu vimebaki vinne kwa wiki, navyo vinaongeza gramu 0.7. Mkate ni ule ule, gramu 0.8. Jumla ni gramu 5.5, na nikiongeza kichupa cha Mama na kukigawa kwa wote inafika 5.8. Sikuyafikia malengo. Nimetoka gramu 11.8 hadi 5.8, na kilichobaki kinanihitaji nioke mkate mwenyewe, jambo ambalo kwa sasa siliahidi.

Shinikizo langu lilipimwa jana likawa 133 kwa 85. Sidai kwamba ni chumvi peke yake, kwa kuwa tangu mwezi wa pili wa mradi huu nimekuwa nikitembea kwa miguu kila jioni, na siwezi kuitenganisha kazi ya miguu na kazi ya kijiko. Daktari ameniongezea miezi mitatu mingine bila dawa.

Usiku, vyombo vilipokwisha kuoshwa, nililipima kopo na kuandika. Nilikuwa nikitaka kuzima mizani, Mama akatokea mlangoni akiwa na kichupa chake mkononi. Kwa wiki mbili zilizopita nilikuwa nikikichukua mezani mwenyewe. Safari hii alikileta yeye, akakiweka juu ya mizani, akainama kusoma namba kwa sababu hakuwa na miwani.

"Ngapi?" aliuliza.

"Gramu 9, Mama. Wiki iliyopita zilikuwa 17."

Alikitikisa kidogo karibu na sikio, akasema mizani yangu ni mbovu, akaondoka nacho.